Lugha ya Tano ya Shangazi

Nilizaliwa wilaya moja, nikasoma ya pili, nikaoa nikiwa ya tatu, na nyumba sijawahi kuhama. Mkoa wetu ndivyo ulivyo: kila baada ya miaka michache wakubwa wanaukata upya, sisi tunaamka wageni wa ofisi mpya. Kuna watu wa mlimani na wa bondeni, wa msikitini na wa kanisani, na lugha tano zinazogombana sokoni kila siku ya gulio. Tena tumeoana mpaka hatujui nani mwenyeji, nani mgeni.

Aliyeumizwa kichwa na mkato wa mwisho ni shangazi yangu, mkalimani wa serikali. Alipoomba kazi ujanani, fomu ilimuuliza anajua lugha ngapi. Akaandika tano. Nne alizijua sawasawa. Ya tano, ya mlimani, aliiokota akimfuata mama yake kuuza vyungu: alijua kutaja bei, kukataa bei, na kumtukana mteja anayegongagonga vyungu halafu hanunui. Kwa miaka ishirini na minane hakuna aliyemsumbua, kwa kuwa ofisi yake ilikuwa bondeni.

Sasa mlima ukapewa wilaya yake, na barua ikaja: mkalimani ahamie huko mara moja. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

"Wakigundua nilidanganya, kazi imekwenda na maji, na kiinua mgongo nyuma yake," aliniambia.

Mimi, kwa ujinga wangu, nikacheka. Akaninunia siku mbili, na nilistahili.

Siku ya kuripoti nilimpeleka mwenyewe kwa pikipiki, nikakaa benchi la nyuma ukumbini. Kikao cha kwanza kilikuwa cha mpaka: wazee wa mlimani waseme wilaya yao iishie wapi. Ofisa wa mipaka akakunjua ramani mezani. Mwanzoni mambo yalinyooka, maana wazee walibishania mpaka kama wanavyobishania vyungu: ongeza kidogo, punguza hapo, hiyo ndiyo ya mwisho? Shangazi akatafsiri kwa madaha hadi nikaanza kumnong'oneza jirani yangu kwamba yule ni wa kwetu.

Kisha akasimama bibi mmoja, mkunga mstaafu, akasema kwa upole na kwa kirefu, kidole chake kikiwa juu ya ramani. Humo hamkuwa na bei hata moja. Ukumbi mzima ukamgeukia shangazi, ofisa akashika penseli. Baadaye shangazi aliniambia kwamba uongo wa kutosha sentensi moja ulikuwa umeshamfika mdomoni.

"Sijamwelewa," akasema. "Lugha hii naijua ya sokoni tu. Kwenye fomu niliongeza chumvi. Nisamehe, mheshimiwa. Na kama ni kunifukuza, nifukuze."

Ofisa akavua miwani. Kabla hajasema neno, bibi akaongea tena, safari hii kwa Kiswahili kilichonyooka.

"Kiswahili tunakijua, mwanangu. Hatukuulizwa tu."

Watu wakaangua kicheko, ofisa naye kikamshinda. Bibi hakucheka.

"Mpaka ulipokatwa mara iliyopita, walituletea mkalimani msomi kweli kweli. Nilimwambia makaburi yetu, ya Waislamu na ya Wakristo, yako pamoja, yabaki upande wetu. Hakunielewa. Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, akawaambia wakubwa alichotaka. Mume wangu alipofariki, nilimwacha ndani siku mbili nikihangaikia kibali cha wilaya nyingine ili nimzike. Huyu ndiye wa kwanza kusema hajaelewa. Msimguse."

Ofisa akavaa miwani yake, akafuta mstari aliokuwa ameuchora, akauzungusha upya nje ya makaburi yote. Shangazi bado alikuwa amesimama, mkoba kifuani, tayari kwa safari ya nyumbani.

"Kwa hiyo sifukuzwi?" akauliza.

"Utafukuzwaje, mama," ofisa akamjibu bila kuinua kichwa, "na kazi ndiyo kwanza imeanza?"