Mweleka wa Mkamwana

Nilipoolewa kijijini Mpuguso, wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliniita mtoto wa dukani. Nimezaliwa mtaa wa Bagamoyo, hapa Tukuyu mjini, kwa fundi cherehani ambaye wazee wake walitoka pwani. Nikijitwika mkungu wa ndizi, majirani walisimama kutazama utaangukia wapi. Iliniuma. Nilitaka tu nihesabiwe mtu wa nyumba ile.

Siku moja tumemaliza kupalilia, wifi akanitania kwamba watu wa mjini hata mweleka hawaujui. Nikakaza kanga kiunoni. Mchezo wenyewe hauna mambo mengi: mnashikana viuno, atakayelazwa chali ameshindwa. Na nilikuwa nashinda, jamani! Wifi anayumba, anahema, mara nikasikia kikohozi cha baba mkwe njiani.

Kwa mila ya huku, mkamwana hakutani na baba mkwe uso kwa uso, wala mzee hatakiwi kusikia sauti yake. Siku hizi wengi wameilegeza, wanasalimiana na kupita. Mimi, kwa kiherehere cha mgeni, niliishika kuliko waliozaliwa nayo. Nikamwachia wifi, nikajirusha migombani kifudifudi.

"Aliyekimbia ameshindwa," wifi akatangaza mzee alipopita. Nikabisha kwamba mgongo wangu haukugusa ardhi. Lakini nilikuwa na matope mpaka masikioni, na mtu wa namna hiyo hasikilizwi.

Tangu hapo sikunyamaza. Shambani, jikoni, hata kwenye simu na mama yangu: ningeshinda, heshima ndiyo iliyoniponza. Mwishowe maneno yakamfikia mzee mwenyewe. Akamtuma mama mkwe.

"Mzee anasema mrudie," mama mkwe akaniambia, anajizuia kucheka. "Yeye atakaa ndani, dirisha atafunga."

Sikuwa tena na kisingizio. Tukashikana uani, mama mkwe akitazama. Nikapanga nimwinue wifi, nimzungushe, halafu nimweke chini taratibu, nisimuumize. Kabla sijamaliza kupanga, nilikuwa chali, pumzi imekatika, kanga iko kwingine, na wifi amenikalia tumboni. Aibu ilinishika mpaka nikatamani kurudi kwetu siku ileile.

Sauti ya mzee ikatoka ndani. "Nani ameanguka?"

Wifi akanitazama. Jasho lake lilikuwa linanidondokea usoni.

"Ni mimi, tata!" akapaza sauti kumjibu baba yake. "Mkamwana wako ana nguvu huyu, amenibwaga!"

Nikafungua mdomo nikanushe. Nikakumbuka kwamba mzee hatakiwi kunisikia. Nikaufunga. Mama mkwe akageukia ukuta, mabega yanamtikisika.

"Ndaga fijo!" mzee akashukuru kutoka ndani, anacheka kwa furaha. "Basi huyo ni wa kwetu."

Wifi alikuwa bado hajainuka tumboni kwangu. Nikalia pale chini, kimya kimya, kwa furaha.