Siku Paa la Mayu Lilipohamia Barabarani

Nilijenga ukuta wa pembe nne kwa ajili ya paa la duara. Ninaliandika hili mwanzoni kabisa kwa sababu majirani zangu wakisikia nimeandika habari za kuhama, la kwanza watakalouliza ni kama nimelitaja hilo. Nimelitaja. Na niongeze la kunizika kabisa: nilipiga hesabu kwanza. Nilitafuta eneo la duara, nikatafuta eneo la mstatili, nikahakikisha yanalingana, ndipo nikajenga. Maeneo yalilingana vizuri sana. Paa ndilo lililokataa.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani, Bariadi, na cheti na viatu vinavyobana. Wenzangu walikwenda Mwanza kutafuta kazi. Nami nilikwenda, nikalala usiku mmoja, nikakumbuka ugali wa mtama na maziwa mgando, asubuhi nikapanda gari la kurudi. Mama yangu, niliyemwita Mayu kama Wasukuma wote wanavyowaita mama zao, aliniona nikiingia uani na sanduku kichwani. "Dunia imeisha huko?" akauliza. Akanipa jembe.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Sisi wenye kaya zilizotawanyika, kila mmoja na mashamba yake, na majani ya ng'ombe aliyoyazungushia miiba kusubiri kiangazi, tuliambiwa tusogee kando ya barabara ya Lalago. Huko viwanja vilipimwa kwa kamba, mstari mmoja ulionyooka kama rula. Katibu kata, aliyepanda juu ya stuli kutuhutubia, alituahidi shule, zahanati na bomba la maji. Sitasema uongo: shule ilijengwa, na wadogo zangu walisoma hapo. Bomba ndilo bado tunalisubiri.

Mayu alisikiliza mkutano wote. Tulipokuwa njiani kurudi ndipo akasema, "Nitahama. Ila nahama na nyumba yangu."

Hakuwa anatania. Kwetu msonge, nyumba ya duara, huhamishwa. Ukuta wa udongo unauacha, utajenga mwingine, lakini paa linainuliwa zima, vijana wanaliingia chini kwa mabega, nalo linatembea. Nyasi za paa lile zilikuwa zimebadilishwa mara nyingi. Miti yake haikuwahi kubadilishwa. Ilikuwa ya tangu bibi yangu, nyeusi tii kwa moshi, migumu kiasi kwamba mchwa walikuwa wameshakata tamaa. Chini ya kilele yalining'inia masuke ya mtama wa mbegu. Chini yake kulikuwa na uchaga wa miti uliobeba michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa, na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa. Chini ya uchaga, jiko. Moshi ulipanda, ukapita kwenye chakula, ukapita kwenye mbegu, ndipo ukatafuta pa kutokea. Wadudu wa nafaka hawakupata pa kuweka makazi. Mbegu ile ya mtama Mayu aliipata kwa mama yake, na haikupatikana katika duka lolote la Bariadi mjini.

Siku hizi wanakuja watu na kamera wanauliza kama bado kuna nyumba za namna ile, na wanaziita urithi. Sisi tuliziita nyumba.

Basi Mayu akanituma nitangulie kiwanjani nikasimamishe ukuta. Katibu kata akanikuta nachimba. Akaniuliza nimesoma hadi wapi, nikamwambia, na nadhani kifua kilitoka nje kidogo. Akatoa mchoro wa nyumba bora: pembe nne, madirisha mawili, mlango katikati.

"Kijana msomi," akasema, "wewe ndiye utakuwa mfano kwa hawa wengine."

Nani alikuwa amewahi kuniita mfano? Nikajenga mfano. Kuhusu paa nilijiambia kwamba eneo ni eneo.

Siku ya kuhama nilisimama kando ya ukuta wangu nikalitazama paa likija. Miguu ya watu chini yake haikuonekana vizuri. Kwa mbali lilikuwa kama kofia kubwa iliyoamua kutembea yenyewe katikati ya mabua ya pamba, ikiimba. Mbuzi walikimbia. Aliyeongoza wimbo alikuwa jirani yetu, nsumba ntale wa upande wetu, yaani kiongozi wa vijana wa kazi za pamoja, mwanamume mwenye shingo ya fahali na mdomo usiomwogopa mtu. Wimbo ukafika kiwanjani, ukapungua, ukakatika.

"Msomi," sauti yake ikatoka chini ya nyasi, "tunaliweka wapi?"

Nikaonyesha ukuta.

"Hapo umejenga josho la ng'ombe. Nyumba iko wapi?"

Vijana wakaanza kucheka, na paa zima likatikisika. Nikaanza kueleza kuhusu eneo. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo paa lilivyozidi kutikisika. Ndipo Mayu akafika, na fungu la mbegu kichwani, akauzunguka ukuta wangu, akachungulia kwenye moja ya yale madirisha.

"Ng'wanone," akaniambia, mwanangu, kwa upole uliouma kuliko kama angenipiga, "hili ni boksi la kiberiti. Mimi ni njiti?"

"Mayu, ni nyumba bora. Paa tunaweza kulibomoa, tukachagua miti iliyo mizima..."

"Litue hapo chini," akamwambia nsumba ntale.

Wakalitua juu ya ardhi tupu, kando ya mfano wangu, upande mmoja wakauegemeza juu ya mawe ili pawe na pa kupitia. Nilidhani wanapumzika tu. Mayu akajikunja, akaingia, na baada ya muda moshi ukaanza kupenya kwenye nyasi. Alikuwa amewasha jiko. Alilala humo usiku huo na uliofuata. Mimi nililala ndani ya mstatili, bila paa, nikitazama nyota, nikijikumbusha kwamba nilikuwa mwenye nyumba bora.

Kila aliyepita barabarani aliona paa linalotoa moshi ardhini, na habari zikamfikia katibu kata. Akaja na pikipiki yake, na suti ya kijivu ya mikono mifupi, akasimama mbele ya tundu.

"Mama, toka nje tuzungumze."

"Mwangaluka," Mayu akamsalimu kutoka ndani, salamu ya asubuhi. "Mgeni ndiye anayeingia."

Akatazama kulia na kushoto, akapiga magoti, akaingia. Nikaingia nyuma yake. Moshi ulimfanya atoe machozi kabla hajatoa neno.

"Mama, Jumamosi ujumbe wa mkoa unapita barabara hii. Wanataka kuona nyumba bora kwenye mstari. Hiki kitu kiondoke kabla ya Jumamosi. La sivyo nitaleta trekta likivute."

"Niliambiwa nihame, nimehama," Mayu akasema, akikoroga chungu. "Sikuambiwa niiache nyumba."

"Mbegu zako zitakaa ghala la kijiji."

"Lina moto?"

"Moto wa nini ghalani, mama?"

"Basi hilo ghala ni la wadudu. Wapeni wao."

Katibu kata akanigeukia, macho mekundu. "Kijana, mwelimishe mama yako. Nakutegemea."

Nikajitahidi. Nikamweleza habari za hewa safi na mwanga, na faida za dirisha. Mayu akaniacha nimalize, kisha akauliza, "Dirisha la kumwonyesha nani?" Nami, nasikitika kusema, nilikumbuka kwamba katika maisha yangu yote chini ya paa lile sikuwahi kutaka kutazama nje.

Katibu kata alipotoka alijipangusa magoti kwa muda mrefu. "Jumamosi," akasema, safari hii kwangu peke yangu. "Na wewe utajieleza."

Niliogopa. Watu walikuwa wameshabomolewa nyumba kwa maneno machache kuliko aliyoyasema Mayu. Nilirudi ndani kumwambia kwamba trekta si mzaha, nikamkuta anayapanga masuke ya mbegu juu ya mapao, moja moja, kama mtu anayejua atakuwepo msimu wa kupanda. Alikuwa amekonda uso. Hakunitazama. Hapo ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza kwamba paa lile likivutwa, mama yangu hataenda kuishi kwenye boksi langu wala la mtu yeyote. Atarudi kule mahameni akakae peke yake, na fisi, hadi wamfuate.

Nikachukua sururu nikaanza kuubomoa mfano.

Nsumba ntale alisikia kishindo akaja. Alisimama akitazama pembe ya kwanza ikianguka, pembe niliyoipima kwa mapenzi yote.

"Aa," akasema. "Leo umesoma."

Akapuliza filimbi yake. Vijana walikuja na majembe, wakauliza kitu kimoja tu: kuna nini cha kula? Mayu akajibu kutoka chini ya paa kwamba kuna michembe iliyopikwa kwa karanga, na ugali wa mtama, na nsansa, na kwamba atakayetaka wali aende kumwomba katibu kata. Wakachora duara kwa kamba. Kamba inahitaji kigingi cha katikati. Kigingi nilikuwa mimi. Nilisimama pale na kamba kiunoni, mimi na cheti changu cha kidato cha nne, huku nsumba ntale akinizunguka akikwaruza ardhi kwa mti na kuniambia nisipumue sana, nitaharibu nyumba ya watu.

Miti ya mfano wangu ikawa miti ya duara. Udongo wake ukakandwa upya. Mlango Mayu aliutaka uangalie barabara, na kizingiti kikae juu ya mstari wa serikali bila kupungua wala kuzidi. "Walisema mstari," akasema. "Huu hapa mstari wao." Ijumaa jioni vijana wakaingia chini ya paa, wakaliinua huku wakiimba, likapanda juu ya ukuta uliokuwa bado mbichi na kukaa kama mtu anayerudi kitini pake. Mayu alikuwa wa kwanza kuingia. Jiko lilikuwa limewaka kabla hatujamaliza kufunga.

Jumamosi katibu kata akaja na trekta kweli. Lilisimama mbele ya nyumba likinguruma. Mayu alikaa kizingitini, juu ya mstari, anapepeta mtama, hakuinua kichwa. Nsumba ntale na vijana wake walikaa chini wakiegemea ukuta, pande zote, kana kwamba wamepata kivuli tu. Mimi nami niliegemea.

"Ondokeni," katibu kata akasema.

"Tunapumzika, bwana," nsumba ntale akajibu. "Kazi ilikuwa nzito."

Dereva wa trekta akazima injini. Alikuwa anatazama kule nyuma yetu, kwenye mashamba. Sote tukageuka. Kutoka upande wa mahame paa jingine lilikuwa linakuja, linaimba, na nyuma yake, dogo kwa umbali, jingine. Kumbe watu walikuwa wamekaa wakisubiri kuona la Mayu litafanywa nini.

Katibu kata aliyatazama mapaa yale. Kisha akamwambia dereva asogeze trekta pembeni, linazuia barabara ya wageni.

Wageni walipita kabla ya adhuhuri. Magari yalikwenda mbio, vioo vimefungwa, na hakuna hata kichwa kimoja kilichogeuka kutazama nyumba bora wala mbaya. Vumbi likatua juu ya mtama wa Mayu, naye akaanza kuupepeta upya. Mimi nilisimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, nikapaza sauti ili kila mtu asikie: "Tumewakatalia! Tumewakatalia kabisa!"

Nsumba ntale alikuwa anafunga kamba zake kwenda kupokea paa la pili. Hata hakusimama.

"Mama yako ndiye aliyekataa. Wewe ulikuwa unatetemeka. Nilikaa na wewe ukuta mmoja, nikausikia ukitetemeka."