Niliweka Ramani ya Makaburi Yetu Mtandaoni

Jamani, nisikilizeni.

Wiki iliyopita niliweka humu picha za makaburi ya ukoo wetu kule Kaole, pamoja na ramani. Nilitaka ndugu walio mbali wayajue.

Leo asubuhi shangazi kanipigia. "Mwanangu, njoo. Wamechimba."

Nimekuta shimo la kunifika kiunoni, ubavuni mwa kaburi la babu. Eti wanatafuta mali iliyofukiwa na Wajerumani enzi za ukoloni!

"Nani kawaelekeza?" shangazi akauliza.

Sikuweza kumtazama. Nikaifuta ramani palepale.

Hata hatujaondoka, ukaingia ujumbe wa mtu nisiyemjua:

"Dada, mbona umeitoa? Hatujamaliza."

Nimemwonyesha shangazi, nikakiri yote. Tuko kwa mwenyekiti wa kijiji sasa.

Niambieni, nyie mngemjibu huyo aliyeniandikia?