Pilipili ya Hitima

Jamani, aibu ya juzi bado inanichoma. Tulikuwa na hitima ya marehemu mume wangu, aliyekuwa karani wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, na Temeke nzima ilikuja. Mchuzi nilisema naupika mwenyewe, maana harusi ngapi za mtaa huu nimezipikia mie!

Nikaonja, nikaona haujakolea. Nikamgeukia Mwanaidi, mke wa mwanangu.

"Mwanangu, pilipili unaionea uchungu?"

"Nimeshatia, mama."

Nikamsogeza kando, nikaongeza. Nikaonja tena, nikaongeza tena.

Wanaume walipoitisha maji kila mara, nikafurahi kwamba chakula kimewaingia. Nikaketi kula na shoga yangu, Bi Tatu. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Usilie, shoga. Mungu kampenda zaidi."

Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Silii mie. Ni pilipili! Kumbe huisikii kabisa?"

Nikamtazama Mwanaidi. Akainamisha kichwa.

"Tunajua siku nyingi, mama," akasema taratibu. "Baba alitukataza tusikwambie. Alikuwa akila, anakusifu, kisha anatoka uani kunywa maji."