Nywele za Mwongeli

Kawangware nzima hakuna aliyesuka kama Mbula, na ukibisha utajua wewe. Matuta yake yalikaa wiki sita bila unywele mmoja kuchomoka. Siri yake? Alikaza! Alikaza mpaka nyusi zikapanda, na mteja akilia aliambiwa, "Tulia wewe! Unataka kupendeza ama hutaki? Nywele ikivutwa ndiyo hukua." Kisha alipewa vidonge viwili vya maumivu, ameze, aende. Vipele vikitokea kandokando ya paji la uso, Mbula alifurahi, eti hiyo ndiyo alama ya kazi safi.

Nani alimfundisha hayo? Wasusi wenzake, nao walifundishwa na wengine, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kama ni kweli. Mbula naye, jamani, hakuuliza.

Binti yake Mwongeli ndiye aliyekuwa tangazo la saluni. Kila shule zilipofungwa alisukwa, akakalishwa mlangoni wapita njia wamwone. Alipofika miaka kumi na saba, nywele za mbele zikaanza kuisha. Mbula akalaumu shampuu. Wakapaka maji ya kitunguu, wakapaka mafuta ya nyonyo, wakapaka kila kitu majirani walichotaja. Walipofika kwa daktari wa ngozi, aliwaambia bila kuzunguka: kukazwa kumeua mashina ya nywele, na vile vipele vilikuwa ngozi ikilalamika. Wangekuja mapema, zingerudi. Sasa basi.

Njia nzima Mbula alimtukana daktari. Mwongeli akajifunga kitambaa. Aliolewa Kibera, kwenye kijiji kinachoitwa Raila, kitambaa hakimtoki kichwani mpaka leo, na alipomzaa Kavindu alimwambia mamake, "Huyu hutamgusa kichwa."

Miaka sita ikapita hivyo. Mbula, bila kumkiria mtu kosa lake, alijifunza kusuka bila kukaza, vidonge akavitupa, wateja wakasifu. Lakini kumsuka mjukuu wake ndicho kitu pekee alichotamani, nacho alinyimwa.

Jumamosi moja msusi wa Kavindu akaugua, na kesho yake mtoto alikuwa aimbe kanisani. Mwongeli akapiga simu. "Mama, kuja umsuke. Lakini polepole." Mbula nusura aruke!

Alimkalisha mtoto katikati ya magoti akaanza taratibu. Lakini furaha ilimpanda, na vidole vikarudia mwendo wao wa zamani. Tuta la kwanza, la pili, la tatu. Mtoto ametulia tuli, na Mbula akajisifu moyoni. Alipoinama kuokota kitana ndipo akauona ule uso: machozi yanatiririka, meno yameuma ukosi wa gauni.

"Inauma?"

"Kidogo tu, Susu," mtoto akamwambia nyanya yake. "Nitavumilia. Mama alisema umetamani sana kunisuka."

Mbula aliviangalia vidole vyake, akavichukia. Akafumua matuta yote matatu. Akazichana nywele, akazipaka mafuta, akaziacha wazi hivyo hivyo.

Mwongeli alikuwa kando ya jiko akipika chapati, amewapa mgongo.

"Mwanangu," Mbula akasema, "haikuwa shampuu. Ni mimi niliyekuharibu. Nisamehe."

Mwongeli akageuza chapati.

"Najua ni wewe, Mama," akasema. "Nimengoja uniambie hivyo tangu siku ile kwa daktari."