Chetezo cha Ijumaa na Ndege ya Viti Viwili

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ambayo hata leo nikiikumbuka mkono wangu huenda puani wenyewe. Nilikuwa bi arusi wa miezi michache, hina haijamaliza kufutika kuchani, naishi kwa mavyaa yangu humu humu Mji wa Kale. Jana uliponiambia kuwa mashine yako ya kuchapisha vipande vya ndege ndogo za mfano imeshafika, na kwamba utaiweka chumbani karibu na kitanda ili isimsumbue mtu, nilicheka, nawe ukadhani nimekubali. Sikukubali. Nilicheka kwa sababu niliogopa, na mtu mzima hapendi kuonyesha hofu mbele ya mtoto aliyembadilisha nepi kwa mikono yake. Keti basi, unywe kahawa polepole, nikueleze ninachokiogopa.

Huyu mume wangu, Mzee Salim unayemjua wewe, anayelala na gazeti usoni, alikuwa kijana mwenye wazimu wa ndege. Mchana alikuwa karani wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, na jioni alikuwa fundi wa ndege za kivita zenye urefu wa mkono wa mtoto. Utotoni aliziona ndege za jeshi letu zikipita juu ya kisiwa siku ya sherehe, na moja ilikuwa na viti viwili, rubani mmoja mbele na mwingine nyuma yake. Hiyo ndiyo iliyomwingia moyoni. Alitaka aiunde, ile ile, na si nyingine.

Tabu ni kwamba boksi la kuunda lililokuwa likipatikana lilikuwa la ndege ya kiti kimoja. Wewe unaijua shida hii kuliko mimi sasa. Ili kuigeuza iwe ya viti viwili, sharti upate vipande vinavyotengenezwa na watu wengine, si wale waliouza boksi: pua ndefu zaidi, kifuniko cha kioo kirefu, viti, na mgongo mpya wa kuunganisha. Halafu uchukue msumeno uikate ndege yako nzima shingoni, huku ukiomba Mungu. Pele hupewa msi kucha, mwanangu. Kule ng'ambo watu walikuwa na vipande hivyo vimejaa makabatini, na Salim wangu alikuwa na msumeno tu.

Mimi ndiye niliyemtafutia. Kila Jumamosi nilivaa buibui langu nikaenda saiba kwenye barabara ya Digo, nikawaandikia kwa kompyuta ya kukodi wauzaji wa nchi ambazo hata kuzitamka siwezi. Mmoja alijibu kuwa ameacha kuvitengeneza. Wa pili alisema kalibu zake, zile za kumiminia vipande, zimechakaa. Wa tatu alituma picha ya vipande vizuri mno, kumbe ni vya ndege nyingine kabisa, na Salim aliitazama picha ile akanuna siku mbili. Nilikuwa nikirudi nyumbani na majibu hayo kama aliyetumwa samaki akarudi na pwaza, vikonokono vya pwani. Lakini nilipenda kutafuta. Mke mpya hupenda kuhitajiwa.

Mwisho wa yote tulivipata mtaa wa pili. Bwana Gulamali, mzee wa Kihindi aliyekuwa akiuza madaftari na vitu vya kuchezea watoto, alikuwa navyo kwenye kijiboksi, alivyoletewa zamani na jamaa yake, na hakutaka kuviuza. "Bibi, hii yangu ya mwisho," aliniambia. "Nitakuazima tu. Mume wako afanye kalibu, atoe yake, hii yangu anirudishie safi." Basi Salim akafanya kalibu kwa silikoni, akaenda kwa mafundi wanaoziba boti za faiba, wakampimia ile rezini yao, maji mazito ya plastiki, kwenye kopo, pamoja na kichupa cha dawa ya kuigandisha.

Sasa nikwambie habari ya mavyaa yangu, maana bila yeye kisa hiki hakina roho. Mama Salim alikuwa mwanamke wa maneno machache na makali. Mwaka ule alikuwa ameteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga, na daktari akamwambia alale, asikanyage chini, akitulia atatembea tena kwa mkongojo. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya juu, kimepakana na chetu, na ngazi zetu unazijua zilivyo, mtu mzima na afya yake huzishuka kwa kushika ukuta. Aliogopa moto. Kila mara alisema nyumba hizi ni boriti na mbao tupu, zimeegemeana bega kwa bega, na gari la zimamoto litaishia barabarani kwani vichochoro havilipitishi. "Na mimi hapa ni gunia," alisema. "Nyumba ikiwaka, gunia halikimbii." Kwa hiyo alimwamuru Salim azitoe ndege zake na rangi zake na mafuta yake ya thina yanukayo. Salim akamwambia ameshampa rafiki yake wa Majengo zote. Mavyaa akanigeukia mimi. "Ni kweli, mwanangu?" Nikasema, "Ni kweli, Mama." Zilikuwa uvunguni mwa kitanda chetu.

Ijumaa hiyo Salim alirudi mapema kujitayarisha kwa msikiti, na akaona ana nafasi ya kumimina rezini kwanza. Mkamia maji hayanywi, lakini nani wa kumwambia? Dirisha alilifunga ili vumbi na nzi wasinate kwenye vipande, na feni akaizima. Badala ya kuchanganya kijiko kimoja kimoja, alichanganya kopo zima, na ile dawa ya kugandisha akaizidisha ili akirudi avikute vimekauka. Alijaza kalibu. Lililobaki, zaidi ya nusu kopo, akalisukuma uvunguni juu ya magazeti, kando ya chupa ya thina. Akavaa kanzu, akajipaka mafuta mazuri, akaniambia, "Usifungue dirisha," akaenda zake. Hakujua kuwa rezini nyembamba ndani ya kalibu hupoa upesi, bali ikirundikana kwenye kopo na dawa nyingi hujichemsha yenyewe, bila jiko, bila kiberiti.

Mimi nilikuwa jikoni naepua wali wa nazi. Harufu ilinifikia kwanza, tamu na chungu pamoja. Nikaenda chumbani. Uvunguni kulikuwa na moshi mweupe unatambaa sakafuni. Niliinama nikaliona kopo linatoa sauti, linalia lenyewe kama sufuria iliyosahauliwa, na gazeti chini yake limegeuka rangi ya chai, pembeni linaanza kuwa jeusi. Chupa ya thina ilikuwa karibu yake kiasi cha kiganja, na kizibo hakikukazwa.

Mwanangu, niliogopa. Lakini nataka usikilize vizuri niliogopa nini, kwa sababu hapo ndipo penye kisa. Sikuliogopa kopo. Nilisikia kikohozi cha mavyaa upande wa pili wa ukuta. Nilijiona nikiulizwa, "Hukuniambia ni kweli?" Nilijiona nikirudishwa kwetu, mama yangu akinifungulia mlango. Mtu akiwa na hofu mbili hukimbia ile iliyo karibu na uso wake, na uso wangu ulikuwa umeelekea ukutani kwa mavyaa. Nikafunga mlango wa chumba, nikaziba chini yake kwa taulo ili moshi usitoke.

Halafu nikapata akili ya kipumbavu kuliko zote nilizopata kuwa nazo. Ijumaa kila nyumba hufukizwa udi. Nikisema nafukiza, nani atauliza harufu? Nilirudi jikoni, nikachukua makaa mekundu kwa koleo, nikayatia kwenye chetezo, nikadondosha udi na ubani, nikakibeba chetezo kwa mikono miwili kukipeleka chumbani. Makaa ya moto, mwanangu, kwenye chumba kilichofungwa, chenye mvuke wa rezini na thina iliyo wazi. Na upande wa pili wa ukuta, mgonjwa asiyeweza kushuka kitandani.

Njia ilipita mbele ya mlango wake, nao ulikuwa wazi.

"Rukia."

"Labeka, Mama."

"Wapeleka wapi moto?"

"Nafukiza chumba, Mama. Leo Ijumaa."

"Udi naujua mimi wanukaje. Hiyo si harufu ya udi. Weka chini."

"Si kitu, Mama, ni..." na miguu yangu ikaendelea kutembea. Hiyo ndiyo inayonitisha hadi leo. Kinywa kilikuwa kimeshikwa, miguu bado inauendea uongo.

Nikasikia kishindo nyuma yangu. Nilipogeuka, mavyaa alikuwa chini. Alijitupa kutoka kitandani kwa makusudi, yule aliyeambiwa asikanyage, akajikokota kwa viwiko juu ya sakafu hadi kizingitini, akaushika upindo wa nguo yangu. Uso wake ulikuwa umelowa jasho kwa maumivu. Hakupiga kelele. Alinivuta tu, kwa nguvu nisiyojua aliitoa wapi, na akaniangalia kutoka chini kule.

"Rukia," aliniambia, "mimi na moto, nani mkali?"

Nikaanza kulia. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, kopo, thina, uvungu, uongo. Hakunijibu habari ya uongo. Aliniambia nimwagie makaa maji pale pale. Nikamwaga. Kisha akaniambia nijifunge leso puani, nifungue mlango, kwanza niitoe chupa ya thina, halafu dirisha, halafu nilichukue kopo kwa koleo nilipeleke chooni kwenye sakafu ya saruji, nisilishike kwa mkono. "Na ukitoka humo, pigia watu ukelele. Usione haya. Haya tutaziona kesho tukiwa hai."

Nilifanya hivyo, koleo likigongana na kopo. Nilipolitua sakafuni lilipasuka ufa, na karatasi iliyonata chini yake ikashika moto, mwali mdogo tu wa bluu na njano. Niliutazama mwali ule juu ya saruji tupu, nikaiwaza ile chupa, nikapiga ukelele. Wanawake wa jirani walikuja, wengine wana unga mikononi. Ndio waliomnyanyua mavyaa.

Nyonga yake haikupona tena. Daktari alisema mfupa ulikuwa umeanza kushika, na ule mwanguko uliuachanisha. Mkongojo ulionunuliwa haukutumika. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akibebwa na kuketishwa, na kila nilipomwogesha niliuona mguu ule uliopinda, nikajua umepindia wapi. Hakunitaja kwa watu hata siku moja. Mimi ndiye ninayejitaja.

Salim aliporudi alikuta mama yake amezungukwa na watu na mimi nimekaa chini. Alilia kama mtoto. Mavyaa alimwacha alie, kisha akasema ndege zitaendelea, ila juu ya paa penye upepo, mchana, na mlango ukiwa wazi. "Nilikukataza ndani, ukajificha ndani. Basi afadhali nikuone." Salim akavirudisha vipande vya Bwana Gulamali salama, na alipomaliza ndege yake alimletea mama yake kitandani. Mavyaa aliigeuza geuza mkononi.

"Viti viwili vya nini?"

"Mmoja mwanafunzi, Mama, mwingine mwalimu wake. Mwalimu hukaa nyuma."

"Basi wa nyuma akiona moshi aseme," alijibu. "Na wa mbele asiwe mkali mpaka mwenzake aogope kusema." Halafu akanitazama mimi, na mara ya kwanza nikamwona ametahayari. Alikuwa akijilaumu, mwanangu. Ukali wake nao ulikuwa kinga, kipande cha kuni, katika moto ule, na kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Haya, kahawa imepoa, na wewe wangoja kujua kama nakukataza. Sikukatazi. Tafuta vipande vyako, andikia hao wa ng'ambo, na kisichopatikana kichapishe. Najua mashine yako haitumii rezini ile ya boti, lakini nayo ni dawa, ina mvuke wake, na mtu halali nayo chumba kimoja. Iweke juu ya paa penye kivuli. Vaa glavu, funika pua, usifunge dirisha kwa ajili ya nzi. Soma kilichoandikwa kwenye chupa kabla ya kuifungua, na kipimo ukiambiwa kimoja usitie viwili kwa sababu una haraka. Hayo hata muuzaji atakwambia.

Langu mimi ni moja tu. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kosa lenye moshi halifichiki kwa udi. Siku utakapokosea, na utakosea, usinitafutie harufu nzuri ya kunipumbaza. Niite. Nitakukaripia, hilo sikufichi, nina ulimi nilioachiwa na mavyaa. Lakini niite kwanza, nami nakuahidi nitakuja kabla sijauliza nani alisema kweli na nani alisema uongo.

Mola akupe mkono uliotulia na pumzi isiyokatika. Akupe katika kila umri wako mtu wa kumwita, na siku ya hofu akufungue kinywa kabla ya miguu. Amina. Sasa nenda ukalipandishe hilo boksi la mashine juu, mimi nije nyuma yako polepole nikalione.