Nta Katika Kibuyu cha Kupimia

Walionipunja ni watatu: mama mkwe wangu, mdogo wa mume wangu, na mzee wa ndiva, msimamizi wa maji yetu. Majina yao siyaandiki, maana wajukuu wao hununua maandazi kwangu hapa Same na watoto hawana kosa. Lakini mtu wa kule juu akisoma atawajua, na nataka awajue.

Mume wangu alifia kwenye mashamba ya mkonge, alikokwenda kutafuta pesa ya kodi ya Mwingereza. Aliniachia watoto wawili, shamba la migomba na mahindi, na zamu ya maji. Kwetu milimani shamba lisilo na zamu ni mahali pa kuku kuchakura. Maji hukingwa kwenye bwawa tunaloliita ndiva, asubuhi hufunguliwa, yakashuka mferejini shamba kwa shamba. Wa kwanza hupata maji, wa mwisho hupata tope. Zamu ya kwanza ilikuwa ya mume wangu. Ya mwisho ilikuwa ya shemeji.

Chakula chetu kilikaa darini kwa mama mkwe. Kila asubuhi nilikwenda nikapiga magoti, shikamoo mama, naye akashusha mahindi na maharage kwa kibuyu chake cha kupimia, kilichokatwa shingo na kuwa cheusi kwa moshi. Kibuyu kimoja cha mahindi na nusu ya maharage, watu wanne. Hiyo ilikuwa hesabu ya kijiji kizima. Sisi tulikuwa wanne, mimi, watoto wangu wawili, na yeye mwenyewe, ambaye alipakuliwa kwanza na kushiba kwanza. Sisi wengine tulikwangua chungu.

Siku moja nilithubutu kusema kwamba makande hayatoshi. Akakiinua kibuyu mbele ya uso wangu.

"Kimejaa, hakijajaa?"

"Kimejaa, mama."

"Basi kibuyu kinajaa, wewe ndiye hujai. Mwanangu alioa tumbo."

Nikaamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba waliniaminisha. Nilijiona mlafi, nikawa nawapakulia watoto na mimi kunywa maji ya kuchemshia. Mtoto wangu mdogo alikufa mwaka wa surua. Surua ilipita nyumba nyingi na watoto wengi walipona.

Baada ya hapo mvua kubwa ilibomoa ukingo wa ndiva. Mzee wa ndiva akapigisha pembe, ikatangazwa msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu na jembe. Kwa desturi ya mfereji wetu, mwenye zamu ya kwanza ndiye huwalisha wachimbaji siku ya kumaliza. Wakiondoka na njaa, zamu yake huhamia kwa mwingine. Mume wangu aliwahi kuwalisha, lakini kwa mikono ya mama yake. Safari hii mikono ilikuwa yangu.

Nilisoma kidogo kwa wamisionari, mpaka kuzidisha na kugawanya, halafu nikatolewa nikachunge. Kidogo hicho nilikishika. Mzee wa ndiva aliniambia wachimbaji ni arobaini. Nikachukua mkaa nikaandika ukutani: watu wanne kibuyu kimoja, watu arobaini vibuyu kumi, maharage vitano. Shemeji akapita na jembe begani, akasimama kuutazama ukuta.

"Shemeji unapika au unapaka rangi nyumba?"

"Napiga hesabu, shemeji."

"Na chumvi nayo unaizidisha?"

"Chumvi naionja. Na magadi nayaonja. Ukizidisha magadi unawalisha watu sabuni."

"Haya. Tutaona kama wanaume wanashiba mkaa."

Maji nayo sikuyazidisha sawasawa, maana sufuria kubwa haikauki upesi kama chungu. Ile sufuria niliiazima kanisani, ikabebwa na wanawake wawili. Mahindi nilikuwa nimeyatwanga na kuyapepeta siku iliyotangulia. Asubuhi mama mkwe akanipa kibuyu chake, na mzee wa ndiva akaja kushuhudia, maana ndiyo kazi yake. Nikapima mbele ya macho yake. Alihesabu kwa sauti: moja, mbili, mpaka kumi. Akahesabu maharage, tano. Akasema, "Imetosha, mwanangu. Hapo hakuna mtu atakayelala na njaa." Shemeji alikuwa amekaa kwenye gogo akinoa jembe lake. Hakuinua kichwa.

Makande yalitoka mazuri. Nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine aliyesema. Maharage yalipasuka bila kuvurugika, mahindi yakawa laini. Wachimbaji wakakaa kwa mstari kwenye ukingo mpya, wamejaa tope mpaka magotini, nami nikapakua upawa uleule kwa kila mtu, wa kushiba. Nilipofika karibu na mwisho wa mstari upawa ukagonga bati. Niliinamisha sufuria. Nikakwangua. Wanaume wanane walibaki na majani ya mgomba mapajani, hayana kitu.

"Mengine yako wapi?" mmoja akauliza, akidhani nina sufuria nyingine. Wenzake wakacheka.

Mzee wa ndiva akaja akachungulia. "Nilihesabu kumi," alisema. "Kwa macho yangu."

"Vibuyu kumi viliingia," shemeji akasema. "Vilivyotoka ni vingapi? Muulizeni. Huyu kwa kula anajulikana, mama anaweza kusema."

Mama mkwe alikuwa pale na wanawake wengine. Akasema, "Mimi sina neno. Tumbo lake nalijua."

Hawakuniachia hata pa kujitetea. Mzee wa ndiva akasema wachimbaji wamebaki na njaa, na desturi inajulikana. Akauliza nani atawamalizia hawa wanane. Shemeji akainuka. Mke wake akaleta chungu cha ndizi, tayari kimeiva, bado cha moto. Nani hupika chungu cha ndizi kwa wageni wasiotarajiwa, siku ambayo mwingine ndiye mpishi? Wanane wakala wakashiba, na zamu ya kwanza ikawa yake palepale, ya mwisho ikawa yangu.

Mimi nikaosha vyombo. Kibuyu kilikuwa kimeingia mchuzi, nikakimiminia maji ya moto yaliyobaki jikoni, nikakisugua kwa mkono. Kitu kikatoka kwenye kitako. Kilikuwa kisahani cha nta, kinene, juu cheusi kwa moshi na vumbi la mahindi, chini cha manjano safi. Nikakirudisha ndani, kikakaa sawasawa. Nikajaza mahindi juu yake, nikamwaga, nikajaza tena bila nta. Yenye nta yalipungua sehemu moja kwa tano. Vibuyu vyangu kumi vilikuwa vinane. Watu thelathini na wawili. Wanane nje.

Kwenye kibuyu kimoja huoni. Kwenye kumi ni wanaume wanane wenye majani matupu.

Nikampelekea mzee wa ndiva ile nta ingali na joto. Aliigeuza, akainusa. Akamtazama mama mkwe.

"Ni ya wakati wa njaa," mama mkwe akasema. "Tulipunguza kipimo ili tufike mavuno. Nilisahau kuibandua."

Njaa ile iliisha kabla mtoto wangu wa pili hajazaliwa.

"Umesikia," mzee akaniambia, akinirudishia nta. "Hayo ni mambo ya jikoni, mkayamalize jikoni. Maji yameshagawiwa."

Alijua. Aliijua kabisa, na usiku ule alikunywa pombe kwa shemeji.

Nikafanya hesabu ya mwisho, ile ambayo sikutaka kuifanya. Sehemu moja kwa tano kila siku. Maana yake, katika kila siku tano, siku moja nyumba yangu haikula. Nikayaweka hayo kwa miaka yote tangu mtoto wangu alipozaliwa mpaka alipokufa. Sisemi nta ilimuua. Nasema surua ilimkuta mwembamba, na waliomkondesha nawajua.

Migomba yangu ilikauka kwa tope la zamu ya mwisho. Nikashuka Same na mtoto niliyebaki naye, nikapikia wasafiri wa gari moshi, kisha harusi, kisha misiba, mpaka watu wakawa wanatuma mtu kuniita hata kutoka Gonja. Ndipo mama mkwe alipokufa, na shemeji mwenyewe akanifuata nikapike msibani. Mwingereza alikuwa bado hajaondoka.

Nilikwenda na kopo langu la kupimia. Kabla ya kupima mahindi niliomba vibuyu vyote vya nyumba ile, nikaviinamisha kimoja kimoja mbele ya wanawake na kuvimiminia maji ya moto. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Watu walishiba wote. Sahani ya shemeji niliipakua mwenyewe, nikapunguza sehemu moja kwa tano.

Akaitazama. "Shemeji, hapa mbona pamepungua?"

"Kula, shemeji. Utaizoea."

Alikula. Maji ya ndiva mpaka leo yanaanzia kwake.